Maji ya Viazi

Nianze na ndizi, maana ndizo zilizonipandisha mori kwanza. Dada yangu alipougua figo, nyumba yetu ilijaa ndizi mpaka tukawa tunazigawa kwa majirani. Kila aliyebisha hodi alikuwa na mfuko wake: ndizi mbivu, machungwa, maparachichi, chupa ya juisi ya embe. Mgonjwa ni matunda, ndivyo tulivyolelewa, na anayeingia kwa mgonjwa mikono mitupu husemwa mpaka afike kwake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mgonjwa huyu anaruhusiwa kula alicholetewa. Walikuwa wanaweka mezani, wanatoa pole, wanakaa kidogo, kisha wanasema, "Kula, dada, upate nguvu," huku wamesimama juu yake wakimsubiri amenye. Nami niko mlangoni nimeuma meno, kwa sababu ndizi zile zingeweza kumsimamisha moyo.

Najua kuna watakaosema natia chumvi. Sitii chumvi. Figo zikishachoka, kuna madini yanayoitwa potasiamu ambayo hayana tena pa kutokea. Yamo kwenye ndizi, kwenye machungwa, kwenye viazi, kwenye mboga za majani, vitu vyote ambavyo dunia nzima inakuhimiza ule ukitaka afya. Yakijaa kwenye damu, moyo hupiga hovyo, halafu huacha. Mashine ya kusafisha damu huyaondoa, lakini dada anaunganishwa na mashine mara tatu tu kwa wiki. Siku zilizobaki hana mlinzi mwingine ila sahani yake.

Sasa mjue dada yangu ni mtu wa namna gani, maana bila hilo mtaniona mimi ndiye kichaa. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha masanduku ya karatasi. Alianza kwa kuosha vyombo, akaingia kwenye kumenya, akaingia kwenye kukaanga, mpaka jiko lote likawa lake. Kifungua kinywa chake ndicho kilichowafanya watu wa zamu ya asubuhi wawahi kazini. Saa ya mlangoni ya kuandikia waliochelewa haikuwatisha hata kidogo. Walimwita Mama Bado. Mtu alipotaka kuinuka mezani, yeye alikuwa anatokea na sufuria, anamwambia, "Bado," na kumwongeza viazi vya kukaanga na vitunguu.

Alikuwa na tabia ya kusimama kwenye dirisha la kurudishia vyombo na kutazama sahani zinavyorudi. Sahani ikirudi na chakula, alimfuata mwenye nayo mpaka kwenye mashine yake ya kukunja maboksi, akamuuliza, "Nimekukosea nini?" Hakuwa anagomba. Ilimuuma kweli kweli. Na kwa kuwa alijua inavyouma, yeye mwenyewe hakuwahi kuacha chakula cha mtu. Siku moja ukweni, mumewe akiwa bado hai, alipewa wali ulioungua mpaka ukawa mweusi. Akaumaliza, akaomba tena. Usiku ule alikuja kwangu ameshika tumbo, akanikataza kucheka.

Presha ilimla figo polepole huku amesimama mbele ya majiko yale. Alipoanguka, kiwanda kilimuaga kwa makofi na seti ya sufuria. Mpishi, mgonjwa, ambaye hawezi kusimama hata kuchemsha maji, unampa sufuria! Nilizipokea mimi, kwa sababu yeye alikuwa anawashukuru.

Akaja kukaa kwangu. Mimi ni mdogo wake, namfuata. Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi: misumari, rangi, mabomba. Sina mume wala mtoto, kwa hiyo ukoo mzima uliona wazi kwamba mgonjwa ni wangu. Sikulalamika. Nalalamika sasa.

Pale hospitali, kwenye chumba cha mashine ya kusafisha damu, kuna mtaalamu wa lishe, binti mwenye sauti ndogo ambaye hujawahi kumwona amekasirika. Alitukalisha, akatueleza asubuhi za mgonjwa wa figo zinavyotakiwa kuwa, na alitupindua akili. Mkate wa ngano nzima, ule wa afya, tuuache. Mweupe ndio unaomfaa dada. Maharage na glasi ya maziwa asubuhi, hapana. Ute wa yai ndiyo, tena wa kutosha, kwa sababu mashine ikiondoa uchafu inaondoka pia na protini. Tufaa ndiyo, chungwa hapana. Chai nusu kikombe, kwa kuwa maji yasiyotoka kwa mkojo huenda kukaa kwenye mapafu. Na viazi, akivitamani sana: menya, kata vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji, tia mengine, chemsha tena, mwaga tena. Potasiamu inatoka na maji.

Dada akauliza, "Kwa hiyo miaka yote niliwalisha watu vizuri, na mimi sasa ndio nianze kula vibaya?"

Yule binti akacheka. "Hapana, mama. Vizuri vyako ndivyo vilivyobadilika."

Kwa dada, hilo lilitosha. Kesho yake alikaa kwenye kigoda jikoni kwangu, akaanza kazi upya. Ute wa yai usio na chumvi ni kama kutafuna sabuni, atakayekwambia vingine hajawahi kuula. Yeye aliutafutia dawa. Kitunguu kikaangwe taratibu mpaka kiwe kahawia, kitunguu saumu kifuate, kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, pilipili manga, na ndimu mwishoni kabisa moto ukiwa umezimwa. Mimi nilikuwa mikono, yeye ulimi. Alinigombeza kwa moto mkali, alinigombeza kwa kisu butu, na siku tulipopatia alikula mpaka akapangusa sahani kwa mkate. Nilienda kazini ile siku natembea kama mtu aliyeongezwa mshahara.

Kaka yetu mkubwa anauza magodoro, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Mkewe, wifi yetu, si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele huko nitashindwa. Walikuja asubuhi moja wakamkuta dada mezani: mkate mweupe, ute wa yai, vipande vya tufaa, nusu kikombe cha chai.

"Hiki ni chakula cha mgonjwa au cha ndege?" kaka akauliza. "Na viini vya mayai viko wapi?"

"Nimekula mimi," nikasema. Ni kweli. Vitupwe?

"Unamlia mgonjwa viini?"

"Kaka, figo zake..."

"Watu wanasema huku nje," akanikata. "Wanasema unamnyima. Wanaleta matunda, unayagawa. Sasa naona kwa macho yangu. Mkate wenyewe mweupe. Hata mtoto mdogo anajua mkate mweupe hauna kitu."

"Ndiyo maana anakula," nikasema. "Kwa sababu hauna kitu."

Wifi akamshika dada bega. "Umekonda, wifi yangu. Kweli unashiba?"

Nilimtazama dada. Mtaalamu alimweleza kuliko alivyonieleza mimi, na alikuwa anaelewa kuliko sisi wote. Neno moja lake lingemaliza kikao kile. Akatabasamu, akasema kwa sauti ya mgeni, "Nashukuru, wifi. Nashiba." Wakaondoka wakiwa wameshajiaminisha kwamba ananiogopa.

Nilipomkalia kooni alisema, "Wamekuja kwa upendo, mdogo wangu." Niligonga sufuria kwa nguvu sana siku ile.

Halafu likaja la dukani. Bosi wetu huhesabu mali yote mwisho wa mwaka, kila msumari, na wafanyakazi hutakiwa kufika kabla ya jua na kurudi giza limeingia. Kaka alisikia, akamtuma mkewe aje kunisaidia. Wifi alifika Jumamosi jioni, dada akiwa ametoka kwenye mashine. Zamu iliyofuata ilikuwa Jumanne. Huo ndio mwanya mrefu kuliko yote katika wiki, na wauguzi hawachoki kuwaonya wagonjwa juu yake. Nilimweleza wifi yote hayo. Nikamsimamisha jikoni, nikamwonyesha viazi hatua kwa hatua, na mboga vilevile. Nilipoinamisha sufuria kwenye sinki, alinishika mkono.

"Wifi! Unamwaga vitamini zote!"

"Ndiyo. Ndiyo maana ya kumwaga."

Alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake anamwaga maziwa ya mtoto. Kisha akaachia mkono. "Sawa. Ninyi ndio mnaojua."

Ilikuwa sawa ya mdomoni tu. Moyoni alikuwa ameshakata shauri.

Jumatatu, nikiwa chini ya rafu nahesabu viungo vya mabomba, simu ikaita. Wifi alikuwa anahema. "Njoo. Dada hawezi kunyanyua miguu. Anasema midomo imekufa ganzi."

Sikumuaga bosi. Nilifika hospitali na vumbi la saruji nywele nzima, nikakuta wamembandika dada nyaya kifuani. Daktari wa zamu aliangalia mistari ya kipimo cha moyo, akaita sindano kwa sauti ambayo ilimfanya muuguzi akimbie. Sitaki kuisikia tena sauti ile. Dada alikuwa macho, midomo ya kijivu, anajaribu kumwambia muuguzi asante.

"Tangu Jumamosi amekula nini?" daktari akauliza.

Nikaanza kutaja: ute wa yai, mkate mweupe, tufaa, viazi vilivyochemshwa mara mbili...

"Na uji," akasema wifi nyuma yangu.

Nikageuka. "Uji gani?"

Akaeleza. Wala hakuficha, na hiyo ndiyo iliyonitia wazimu: alieleza kwa fahari. Kila alipochemsha viazi na mchicha, yale maji aliyamimina kwenye jagi akayaficha kwenye friji, nyuma ya kabichi, ili nisiyaone nikirudi. Asubuhi na jioni aliyatumia kumpikia dada uji, akaponda na ndizi mbivu ndani, akamalizia kwa maziwa. "Ili vile vinavyomwagwa visipotee," akasema. "Nilimwona hana nguvu."

Daktari alifumba macho kidogo. "Mama, kile ambacho mashine inahangaika kukitoa, wewe umekichuja ukamrudishia."

Walimkimbiza kwenye mashine. Mimi na wifi tulibaki kwenye benchi la korido, yeye na kipochi chake magotini, mimi na mikono yangu niliyoikalia ili isifanye kitu. Kaka akatokea. Nilidhani atamuuliza mkewe. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Unamwacha mgonjwa unakwenda kuhesabu misumari?"

"Muulize mkeo alimpikia nini."

"Mke wangu alikuwa anasaidia. Nia yake ilikuwa njema."

Nia njema! Katika familia yetu neno hilo ni kibali cha kupita popote. Aliyeleta ndizi, nia njema. Aliyemletea dawa ya mizizi kwenye chupa ya soda, nia njema. Aliyeficha jagi nyuma ya kabichi, akijua kwamba nikiliona nitalimwaga, naye nia njema. Ila mimi niliyeamka kila siku kutenganisha ute na kiini, mimi ndiye mwenye roho mbaya, kwa sababu nilikuwa nasema hapana. Nilimwambia kaka maneno ambayo mlinzi wa korido alikuja kuyanyamazisha. Sijayajutia hata moja.

Mchana dada alirudiwa na rangi. Nilikaa pembeni ya kitanda, damu yake inazunguka kwenye mirija, mashine inakoroma taratibu. Nilitaka tu kujua alivyojisikia, nikamuuliza ovyo, "Hivi ule uji haukuwa na ladha ya ajabu?"

Akatazama dari. "Ulikuwa nayo."

"Ladha ya nini?"

"Maji ya viazi. Mchicha. Na ndizi." Akameza mate. "Nilijua kwenye kijiko cha kwanza. Nimepika maisha yangu yote, nisijue maji ya viazi?"

Nilidhani sijaelewa. "Ulijua, ukanywa?"

"Alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi, ananitazama. Ningemrudishiaje?"

"Na jioni ukanywa tena."

"Alifurahi sana, mdogo wangu. Hujawahi kumwona alivyofurahi."

Hasira zangu zote, za kaka, za wifi, za wenye mifuko ya matunda, zilihama saa ileile zikamwangukia yeye. Nilimwambia, "Ulikuwa tayari nikuzike ili mke wa kaka asinune."

"Usiseme hivyo."

"Nasema hivyohivyo. Mimi nalaumiwa huko nje kwamba nakuua kwa njaa, na wewe unajiua kwa adabu. Mimi nikulinde na nani sasa? Kila mtu naweza kumfungia mlango. Wewe nikufungie wapi?"

Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye mashine na mwingine ulikuwa na sindano. Nilimfuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tangu siku ile niliacha kujidanganya. Bosi, kazi, kaka, yote hayo yalikuwa mambo ya pembeni. Dada yangu angepona au angekufa kwa jambo moja tu: kama ataweza kumwambia mtu anayempenda kwamba chakula chake hakiliki.

Jibu halikuchelewa. Siku chache baada ya kuruhusiwa, kaka na wifi walikuja asubuhi na sahani iliyofunikwa. Wifi alikuwa amepungua, hata mimi niliona. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile, na sikuwa na sababu ya kutomwamini. Alifunua. Ute wa yai, kabichi nyembamba, kitunguu kahawia, mkate mweupe, tufaa. Kila kitu mahali pake. Alikuwa amekwenda mwenyewe kumuuliza yule binti wa lishe, na viungo alivikumbuka kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikakosa wa kupigana naye.

Dada alichukua kijiko, akainama, akanusa. Akachovya ncha ya ulimi tu, kama alivyokuwa akifanya kantini.

"Wifi, umetia chumvi?"

"Siyo chumvi yenyewe, wifi," akajibu upesi. "Ni ile ya wagonjwa wa presha. Niliuliza dukani kabisa. Wameandika kwenye pakiti, haina madhara."

Chumvi ile tulionywa mapema sana: wametoa chumvi ya kawaida, wakatia potasiamu mahali pake. Kwa mwenye presha tu inaweza kufaa. Kwa dada ni jagi lilelile, limekaushwa.

Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga, kwa makusudi. Nilijiambia kijiko kile kikifika kidevuni nitakipiga kirukie ukutani, na sahani ifuate. Lakini kabla ya hapo nilitaka kumsikia yeye.

Wifi alikuwa amesimama, mikono ameikunja kifuani, macho hayambanduki.

"Onja basi," kaka akasema. "Mwenzako ameamka alfajiri kwa ajili yako."

Dada akaweka kijiko chini.

"Wifi, hiki sili."

Akaendelea, "Umepika vizuri. Kitunguu umekipatia. Lakini chumvi hiyo inaua mtu mwenye figo kama zangu. Sili."

Uso wa wifi ulivunjika. Kaka akasogea karibu, akashusha sauti kama anayebembeleza mteja. "Hata vijiko viwili tu, umridhishe. Huoni anavyolia?"

"Naona," dada akasema. Akaisukuma sahani mpaka upande wa pili wa meza. "Kula wewe, kaka. Umridhishe."

Waliondoka bila kunywa chai. Mlangoni kaka alinigeukia, akaniambia nimemfundisha dada yake kiburi. Nilimwambia ndiyo, na bado namfundisha.

Nilirudi jikoni nikakaanga ute mwingine. Dada aliula wote, kijiko baada ya kijiko, huku analia kwa aibu, mtu mzima, anarudia kusema amemrudishia mtu sahani, amemrudishia mtu sahani. Sikumbembeleza. Wifi hajakanyaga kwetu mpaka leo, na kaka hapokei simu zangu. Wanune. Dada yangu amekula, na yu hai.